Ndururu, Florini na Rupia: Kilichomo Katika Mikebe ya Thika na Ruiru

Mfalme Edward wa Nane alikaa kwenye kiti cha Uingereza chini ya mwaka mmoja, kuanzia Januari 20 hadi Desemba 11, 1936, kisha akakiacha ili amwoe mwanamke ambaye wakubwa wa nchi hiyo hawakumkubali. Waingereza wenyewe hawakuwahi kutoa rasmi sarafu ya matumizi yenye sura yake. Lakini ukifungua mkebe wa vifungo na sindano katika nyumba ya zamani Gatong'ora, Kiganjo au Gatuanyaga, huenda ukakutana na jina lake. Limeandikwa kwa herufi za Kilatini kuzunguka tundu la senti kumi: EDWARDVS VIII REX ET IND: IMP:. Upande mmoja taji limekaa juu ya tundu, na upande wa pili pembe mbili za ndovu zimelikumbatia. Sarafu zetu ndogo hazikuwa na nafasi ya uso wa mtu kwa sababu ya tundu hilo, kwa hiyo viwanda havikuhitaji kungoja picha rasmi ya mfalme mpya. Viliandika jina na kazi ikaendelea. Alipojiuzulu, sarafu zilikuwa zimeshafuliwa.

Swali la kwanza la kila anayeishika sarafu hiyo ni moja: inauzwa pesa ngapi? Jibu linawavunja wengi moyo. Senti kumi ya 1936 iliyochakaa haifiki bei ya mlo wa mchana katika hoteli nzuri mjini Thika. Wakusanyaji wa Ulaya na Marekani huitafuta, kwa kuwa ni mojawapo ya njia rahisi za kujaza pengo la Edward wa Nane kwenye mkusanyiko wao. Hata hivyo ilitengenezwa kwa mamilioni, katika viwanda vitatu, na hadi leo zimejaa sokoni. Iliyobaki inang'aa kama ilivyotoka kiwandani hupata zaidi, lakini hata hiyo haimtajirishi mtu.

Nimeanza na sarafu hii kwa sababu inaondoa dhana inayowapotosha watu wengi katika kaunti ya Kiambu na Kenya nzima, kwamba sarafu ikiwa kongwe basi ni mali. Umri peke yake hauna bei. Zipo sarafu za shaba za dola ya Warumi zenye miaka zaidi ya 1,600, na mwanafunzi wa chuo anaweza kuzinunua kwa pesa zake za mfukoni. Kinachopandisha bei ni uchache wa zilizobaki, hali ya kipande chenyewe, na idadi ya watu wanaokitaka kwa wakati mmoja.

Sarafu za Kifaransa zinalionyesha jambo hili vizuri. Faranga tano ya fedha ya karne ya 19 ni kipande kizito, gramu 25, na sehemu tisa kati ya kumi ni fedha safi. Zile zenye sanamu ya Hercules, zilizotoka kwa wingi miaka ya 1870, zilitengenezwa kwa mamilioni, na iliyotumika sana huuzwa kwa bei isiyopishana mno na bei ya fedha iliyomo ndani yake. Za zamani zaidi, za kati ya 1804 na 1808, zina upekee wa kisiasa: upande mmoja zinamtaja Napoleon kuwa Mfalme Mkuu, upande wa pili zinaitaja nchi kuwa Jamhuri. Sasa linganisha na faranga tano iliyo karibu nasi zaidi. Mwaka wa Kiislamu 1308, yaani mnamo 1890, kiwanda cha Paris kilifua sarafu kwa ajili ya Sultani Said Ali wa Ngazija, katika Visiwa vya Komoro. Ile ya fedha, yenye maandishi ya Kiarabu, ilitengenezwa vipande vipatavyo 2,000 tu. Uzito wake ni ule ule wa faranga ya Hercules na fedha yake ni ile ile, lakini mkusanyaji huitolea mara nyingi zaidi. Anacholipia ni ule uchache.

Mfaransa hakutumia faranga Ruiru. Alileta kitu kingine kilichozivuta sarafu zote nitakazozitaja hapa. Mapadri wa Kifaransa wa shirika la Roho Mtakatifu, waliokuwa wamepiga kambi Zanzibar na Bagamoyo tangu miaka ya 1860, walifika Nairobi mwaka 1899 na kuanzisha misheni ya St. Austin's. Huko walipanda kahawa ya aina ya Bourbon, ambayo wakulima wa Kenya wanaijua hadi leo kwa jina la French Mission. Mbegu ile ikatapakaa kwenye mashamba ya walowezi, kutoka Kiambu hadi Ruiru na Thika. Aina ya SL34, inayosifiwa na wanunuzi wa dunia nzima, ilichaguliwa kutoka kwa mti wa French Mission kule Kabete. Na kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru ndicho kilichotoa Ruiru 11 mwaka 1985.

Kahawa ilihitaji mikono ya kuchuma, na mikono hiyo ilisukumwa shambani na kodi. Serikali ya kikoloni ilianza kutoza kodi ya nyumba kwa rupia mwanzoni mwa karne ya 20, na mtu asiyekuwa na rupia ilimbidi aende kuitafuta kwa mzungu. Kwenye mashamba ya kahawa, na ya mkonge upande wa Makuyu, mshahara ulikuwa rupia chache kwa mwezi. Njia ya reli kutoka Nairobi ilipofika Thika mwaka 1913, mji ukawa kituo cha kupakia mazao na kulipia watu. Rupia iliyotumika ilikuwa ya India, yenye uso wa Victoria, Edward wa Saba au George wa Tano, na iligawanywa katika senti mia moja za hapa kwetu. Senti ndogo zilikuwa na tundu, na watu waliokuwa na mavazi yasiyo na mifuko walizitunga kwenye uzi wakazivaa shingoni au kiunoni. Mwaka 1907 zilitolewa senti za alumini, miongoni mwa sarafu za kwanza za madini hayo duniani, lakini hazikustahimili hali ya hewa ya huku. Kufikia 1909 zilibadilishwa zikawa za shaba na nikeli. Senti ya alumini ambayo haijaliwa ni adimu kwa sababu hiyo hiyo, na ukiikuta, usiichanganye na nyingine.

Hadi hapo tunazungumzia wakusanyaji. Kilichofuata kiligusa maisha ya watu, na ndicho kinachonifanya niamini kwamba mikebe hii inastahili kuheshimiwa kuliko inavyoheshimiwa.

Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, rupia 15 zilitengeneza pauni moja, yaani kila rupia ilikuwa shilingi moja na peni nne za Kiingereza. Vita vilipandisha bei ya fedha duniani, na rupia, ambayo ilikuwa fedha, ikapanda nayo. Mapema mwaka 1920 ilikuwa imevuka shilingi mbili na nusu. Walowezi walipiga kelele. Waliuza kahawa na mkonge London kwa pauni, lakini mikopo ya benki na mishahara ya vibarua ilikuwa kwa rupia, na sasa kila pauni iliwapa rupia chache. Serikali ikaamua kuifunga rupia kwenye shilingi mbili. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa London Desemba 1919, ikatoa sarafu mpya iliyoitwa florini yenye thamani hiyo hiyo ya shilingi mbili. Mwaka 1921 rupia ya India ikaondolewa kwenye matumizi, na aliyekuwa ameweka akiba yake ardhini chini ya kitanda alijikuta na chuma kisichonunua kitu. Florini nayo haikudumu. Ilipofika Januari 1, 1922, shilingi ndiyo iliyokuwa pesa ya Kenya, Uganda na Tanganyika.

Kwa hiyo mchumaji kahawa wa Ruiru alizoea rupia, akapewa florini, kisha akapewa shilingi, yote hayo ndani ya takriban miaka miwili. Na gharama alibebeshwa yeye. Kwa kuwa rupia ilifungwa kwenye shilingi mbili badala ya shilingi moja na peni nne, hesabu ya mlowezi kwa pauni ilipanda kwa nusu. Mwaka 1921 walowezi waliazimia kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja, jambo ambalo ukilipigia hesabu utaona lilirudisha gharama zao karibu kabisa na pale zilipokuwa. Kodi ya nyumba haikupunguzwa nayo. Ilikuwa imepandishwa hadi shilingi 16.

Kijana mmoja wa Kambui, milimani juu ya Ruiru, aliyekuwa mpiga simu katika Hazina ya serikali Nairobi, alilikataa jambo hilo hadharani. Harry Thuku alianzisha chama cha vijana wa Kikuyu mwaka 1921, kisha East African Association, na madai yake yalikuwa mishahara, kodi na kitambulisho cha lazima kilichoitwa kipande. Alikamatwa Machi 14, 1922. Siku mbili baadaye umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi kudai aachiliwe, mwanamke aliyeitwa Muthoni Nyanjiru akiwa mbele. Askari walifyatua risasi, na kwa hesabu ya serikali yenyewe walikufa watu 21. Thuku alipelekwa uhamishoni kwa miaka mingi. Mwaka huo huo kodi ilipunguzwa hadi shilingi 12. Vitabu vyetu vya shule huyaeleza mambo haya kwa majina ya vyama na tarehe. Nadhani mtoto wa Ruiru angeyaelewa vizuri zaidi akiwekewa mkononi rupia ya 1918, florini ya 1920 na shilingi ya 1921, kisha aambiwe kwamba babu wa babu yake alilipwa kwa zote tatu.

Tukirudi kwenye bei, florini ndiyo sarafu ninayomshauri kila mtu aitafute kwanza kwenye mkebe. Ilitolewa kwa muda mfupi, na iliporudishwa nyingi ziliyeyushwa. Ina uso wa George wa Tano upande mmoja, na upande wa pili simba aliyesimama mbele ya milima. Nusu yake ni fedha safi, takriban gramu 5.8. Vipande vya senti vya mwaka 1920 navyo ni adimu kuliko vya miaka iliyofuata. Wauzaji wa mitaani hawavijali, ilhali tofauti ya bei kati ya senti kumi ya 1920 na ya 1927 ni kubwa.

Shilingi iliyofuata ilimrithi simba huyo huyo. Hii ndiyo inayopatikana kwa wingi katika nyumba za Thika. Zilizotengenezwa kuanzia 1921 hadi 1946 zina robo ya fedha, chini ya gramu 2 katika kipande cha gramu 7.8, baada ya hapo ni shaba na nikeli tupu. Kuna masonara wanaozinunua kwa uzito ili waziyeyushe, na kwa sarafu iliyochakaa kabisa bei hiyo huwa si mbaya. Kosa ni kuuza kabla ya kuitazama kwa lenzi. Tafuta herufi ndogo iliyofichwa karibu na mwaka au chini ya picha: H ni kiwanda cha Heaton cha Birmingham, KN ni King's Norton, SA ni Pretoria, I ni India. Wakati wa Vita vya Pili meli za kutoka Uingereza zilikuwa hatarini, ndiyo maana shilingi za miaka hiyo zilifuliwa Afrika Kusini na India pia. Mwaka mmoja wenye herufi tofauti huweza kuwa na bei tofauti kabisa.

Sarafu hizo zilisafiri kuliko wengi wetu. Bodi ilihudumia Zanzibar kuanzia 1936, pesa yake ilitumika Aden, na ikafuata majeshi ya Waingereza hadi Somalia na Ethiopia. Ndururu, yaani senti tano, na senti kumi za mwisho ni za mwaka 1964, zenye tundu na pembe za ndovu kama kawaida, lakini bila jina la mfalme wala malkia yeyote. Hazina bei kubwa, na mimi huzipenda kuliko nyingine zote. Miaka miwili baadaye Benki Kuu ya Kenya ilianza kazi, na uso wa Mzee Kenyatta ukaingia kwenye shilingi.

Sarafu za Kenya huru zina wakusanyaji wake. Vipande vya dhahabu vya shilingi 100, 250 na 500 vya 1966, vilivyoadhimisha miaka 75 ya Kenyatta, ni mali halisi, ingawa wachache sana waliwahi kuviona. Shilingi 40 ya mwaka 2003 yenye sura ya Rais Kibaki bado imo kwenye droo nyingi. Na tangu Katiba ya 2010 ilipokataza picha ya mtu yeyote kwenye pesa, na Desemba 2018 tukapata sarafu za twiga, kifaru, simba na ndovu, kila sarafu yenye uso wa rais imekuwa ya toleo la zamani, hata kama bado inanunua kiberiti.

Biashara hii ina wakora wake, na sitawazungumzia kwa upole. Wapo wanaotangaza kwenye mitandao kwamba mnunuzi wa nje anatoa mamilioni kwa sarafu fulani, tena mara nyingi huwa ni ya kawaida kabisa. Ukiwasiliana nao wanaomba ada ya usajili, kisha ya cheti, kisha ya usafirishaji, zote kwa M-Pesa, halafu simu inazimwa. Wapo pia wa rupia inayodaiwa kuvuta punje za mchele, hadithi iliyowala watu akiba zao Kenya, Tanzania na Uganda. Fedha na shaba hazivuti mchele. Mnunuzi wa kweli hulipa mwenye sarafu. Hamwombi muuzaji chochote, na kwanza kabisa hutaka picha mbili zilizo wazi, ya mbele na ya nyuma.

Kabla ya hizo picha, usiisugue. Hapa ndipo hasara kubwa zaidi hutokea, na hutokea kwa nia njema. Mtu anaikuta florini nyeusi, anaiona chafu, anaichukulia majivu, ndimu au waya wa kusugulia sufuria hadi ing'are. Ule weusi ni ngozi ambayo fedha hujitengenezea kwa miaka mia moja, na mkusanyaji huutaka. Ukiiweka sarafu iliyosuguliwa chini ya taa na kuizungusha polepole, utaona mikwaruzo myembamba inayokwenda upande mmoja, na nywele za mfalme zimelainika kama sabuni. Bei yake imeshuka pengine kwa zaidi ya nusu, na hakuna fundi wa kuirudisha. Ishike kwa ukingo, iweke kwenye bahasha ya karatasi kavu, kila moja peke yake, na usitumie plastiki laini inayotoa jasho.

Liko jambo la sheria ambalo wauzaji wengi hawalijui. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale chochote kinachohamishika, isipokuwa kitabu au hati, kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895. Kitu cha namna hiyo hakitolewi nje bila kibali. Rupia ya Mombasa ya 1888, iliyotolewa na Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki ikiwa na mizani upande mmoja na jua lenye taji upande wa pili, inaangukia hapo iwapo iliingia nchini wakati huo. Ndivyo ilivyo pia kwa faranga au reale ya Maria Theresa iliyoletwa na msafara wa karne ya 19. Ni sarafu nzuri na zina soko London, lakini anayekushawishi umkabidhi akaipeleke kimya kimya anakuingiza kwenye kesi. Florini, shilingi na senti zenye tundu zimekuja baada ya mwaka huo, na hazimo katika maelezo hayo.

Kinachonipa haraka ya kuandika haya ni jinsi ardhi inavyobadilika. Kahawa inang'olewa. Mahali pa miti pamekuwa Membley, Tatu City na majengo ya ghorofa yanayoiangalia Thika Road. Nyumba za zamani zinabomolewa, wazee wanazikwa, na mikebe inatupwa pamoja na mabati. Sarafu zenyewe zitabaki, kwa maana wapo watu wa kuzinunua. Kinachopotea ni habari za aliyezipata: alichuma kwenye shamba lipi, alilipwa kwa debe au kwa mwezi, alizificha wapi rupia ilipokufa. Habari hizo hazimo kwenye katalogi yoyote, na sarafu yenye maelezo yaliyothibitishwa ya ilikotoka hupendwa na makumbusho kuliko iliyookotwa tu.

Kwa hiyo, msomaji, wikendi hii ukienda kumwona cucu au guka, yaani bibi au babu yako, muulize kama mkebe upo. Usianze na bei. Muulize kila sarafu ilifikaje, andika jina lake, shamba na mwaka kwenye karatasi, na uitie ndani ya bahasha pamoja na sarafu yenyewe. Ukiona maandishi ya Kiarabu, mizani au mwaka ulio kabla ya 1895, wapelekee Makumbusho ya Taifa Nairobi waitazame kabla hujamwonyesha mnunuzi yeyote.